Mjue Ng'endo Mukii: Mkenya Aliyetumia Dakika 7 za Katuni Kubonga Stori ya Mkorogo

Wasee wa Kisumu, Kombewa, Maseno, na wale mko Nairobi lakini ocha ni Seme, hii ni yenu. Ukiskia mtu akisema "katuni", akili inakimbia kwa watoi waliojazana mbele ya TV Jumamosi asubuhi. Hakuna noma. Lakini kuna Mkenya alichukua hiyo hiyo katuni, akaibana ndani ya karibu dakika 7, akabonga kuhusu kitu ambacho kwa manyumba mengi watu hupitia kando: kujichubua ngozi. Anaitwa Ng'endo Mukii na filamu yake inaitwa Yellow Fever. Kama hujawahi skia hilo jina, tulia hapa tukupee stori mos mos.

Kwanza, ni nani huyu?

Ng'endo ni msanii wa Nairobi, na kazi iliyomjenga jina ni filamu fupi za animesheni. Alisomea filamu na animesheni Rhode Island School of Design, Marekani, alafu akafanya shahada ya pili Royal College of Art, London. Hizo shule mbili si za mchezo. Kwa mchoraji, ni kama msee wa boli aambiwe amepata namba Gor Mahia, na kabla ashangae vizuri, Arsenal nao wanampigia simu.

Yellow Fever ndiyo ilikuwa kazi yake ya kumalizia shule London, mwaka wa 2012. Cheki hapo vizuri: ilikuwa kazi ya shule. Ile kitu wengi wetu huwa tunaimalizia usiku wa mwisho na kahawa ndio tusianguke, yeye ilimfikisha Chicago, ambako mwaka wa 2013 ilishinda tuzo ya Silver Hugo kwa tamasha la filamu la huo mji. Kutoka hapo imezunguka matamasha na madarasa ya sehemu nyingi duniani.

Sasa swali ni moja. Filamu ngapi za wanafunzi hutengenezwa kila mwaka na kupotelea kwa flash disk? Mbona hii haikupotea?

Filamu yenyewe inasema nini

Anza na jina. Ukilitafsiri vile liko, ni homa ya manjano, ule ugonjwa wa mbu ambao watu hudungwa sindano kabla ya kusafiri. Lakini mtaani unajua vizuri sana "yellow yellow" ni nani. Ni ule dem wa rangi ya thao ambaye akiingia mat hata makanga anashusha sauti. Kwa hivyo jina linacheza pande mbili: kuna rangi, na kuna ugonjwa wa kuitaka hiyo rangi. Fela Kuti wa Nigeria alikuwa ashalitumia kwa wimbo wake wa 1976 kuhusu mambo haya haya ya kujichubua.

Ndani ya filamu, Ng'endo anakumbuka mwanamke aliyekuwa akimsuka nywele akiwa mtoi. Uso wa huyo mama ulikuwa umekubali krimu, lakini mikono iliyokuwa ikisuka ilikuwa imekataa. Kama umewahi kalia kiti cha saluni unajua hiyo picha. Uso ni chungwa, vifundo vya vidole ni makaa. Mwili mmoja, rangi mbili, na hakuna mtu kwa hiyo saluni atasema kitu.

Kutoka hapo anaingia kwao nyumbani. Tunaskia sauti za wanawake wa familia yake, wakiwemo mathe na msichana mdogo. Huyo mtoi anaongea bila kuficha, vile watoi huongea, kwamba angependa kuwa mweupe. Hakuna mtu amemtukana. Hakuna mtu amemwambia ni mbaya. Amekaa tu mbele ya TV, ameona ni nani anaitwa mrembo, akapiga hesabu yake akapata jibu.

Hapo ndipo filamu inakushika shati. Ng'endo hasimami juu ya meza kuwasomea wanawake. Haelekezi mtu kidole. Anauliza tu hiyo hesabu mtoi aliifundishwa na nani, na jibu linarudi kwa matangazo ya biashara, kwa majarida, kwa video za muziki, na kwa sisi wenyewe tukisifia "huyo ni lightskin" kama ni digrii.

Mbona hakuchukua tu kamera?

Swali poa. Angeweza kumweka mathe mbele ya kamera, taa kwa uso, maswali yaanze. Lakini fikiria wewe ndio unajichubua, alafu mtu anakuletea kamera akuulize mbona. Utanyamaza ama utadanganya. Animesheni inakupa sauti ya mtu ya kweli bila kumwanika. Unamskia anavyovuta pumzi, anavyosita, lakini mbele yako kuna mchoro. Na mchoro unaweza kuonyesha kile kamera haiwezi kuona: vile mtu anajihisi akiwa ndani ya ngozi yake.

Yellow Fever haikai kwa stailo moja. Kuna michoro ya mkono. Kuna watu wa kweli wakicheza dansi na ngozi zao zimepakwa rangi. Kuna pia ile mbinu ya kupiga picha mtu halisi mojamoja, anasonga kidogo, anapigwa nyingine, hadi ukiziunganisha anatembea kwa mikatomikato kama mwanasesere. Hiyo mbinu inaitwa piksilesheni. Mwili wa mtu unaanza kuonekana kama kitu kinachosukumwa na mkono mwingine, na hiyo ndiyo stori yenyewe.

Ng'endo ana wazo lingine ambalo alilieleza kwa mkutano wa Design Indaba kule Cape Town mwaka wa 2015, na ukiwa umekulia Kisumu utalielewa haraka kuliko wengi. Unakumbuka trip ya shule ya kwenda Kisumu Museum? Kuna simba pale amemrukia nyumbu, kucha zimeshika, mdomo wazi. Wako sawa kabisa, manyoya, macho, kila kitu. Lakini wamekufa. Mtu aliwakausha, akawajaza, akachagua watasimama aje milele.

Ng'endo anasema filamu nyingi zilizopigwa kuhusu Waafrika na watu wengine wa asili zimefanya hivyo hivyo. Mgeni anakuja na kamera, anachagua upande mmoja wa mtu, anaukausha, anaenda kuuonyesha kwao. Ukicheki hizo picha za watoi wa ziwa, nguo zimechanika na nzi wako usoni, utajua anabonga nini. Wewe unajua huyo mtoi ana jina, ana utani, anajua kuogelea kuliko yule mpiga picha, na jioni anaenda kula omena kwao. Kwa hiyo picha, yote hayo yametolewa nje kama matumbo ya simba. Dawa ya Ng'endo ni animesheni: rudisha uhai kwa kile kilichokaushwa.

Hesabu ya jasho

Usidhani ni kazi rahisi kwa sababu ni fupi. Filamu ya kawaida huonyesha picha 24 kwa sekunde moja. Wachoraji wengi huponea kwa kutumia kila mchoro mara mbili, kwa hivyo ni michoro 12 kwa sekunde. Zidisha na 60 upate 720 kwa dakika. Filamu ya dakika 7 ikichorwa yote kwa mkono inaweza kula michoro zaidi ya 5,000.

Chora uso wako mara 5,000, kila mara ukiusongeza kidogo tu, alafu uniambie kama hiyo ni kazi ya watoi. Hii pia ndiyo sababu filamu fupi si filamu ndefu iliyokosa doh. Kila sekunde ni jasho, kwa hivyo kila sekunde lazima iwe na kazi. Hakuna nafasi ya kupiga domo.

Sasa Seme inaingia wapi?

Inaingia moja kwa moja. Ukitoka Kisumu na barabara ya Bondo utafika Kombewa, na hapo uko ndani ya Seme. Ratta pia iko Seme. Na Ratta ndiyo ocha ya kina Lupita Nyong'o, kwa babake, Gavana Anyang' Nyong'o.

Wengi wanamjua Lupita na Oscar yake ya Machi 2014. Wachache wanakumbuka hotuba aliyotoa Hollywood siku chache kabla ya hiyo Oscar. Alisema kwamba akiwa mdogo alikuwa anaomba Mungu aamke akiwa mweupe. Asubuhi ikifika anakimbia kwa kioo, anapata ni yeye yule yule wa jana. Alieleza pia kuhusu barua aliyopata kutoka kwa msichana ambaye alikuwa karibu kununua krimu ya kujichubua, kisha akamwona Lupita na akaachana nayo.

Mwaka wa 2019 akatoa kitabu cha watoto kinachoitwa Sulwe. Kama unabonga Dholuo, hilo jina halihitaji mkalimani: nyota. Ni stori ya msichana mweusi kuliko watu wote kwao. Na kabla ya yote hayo, 2009, Lupita alikuwa ameongoza filamu yake ya hali halisi, In My Genes, kuhusu Wakenya wanaoishi na ualbino.

Weka hizo kazi pamoja na ya Ng'endo uone. Mmoja wa Nairobi, mwingine familia yake ni ya Seme, na wote wawili wamerudi kwa swali moja: ngozi yangu ina shida gani na nani alisema? Huku kwetu kando ya ziwa mtu anaitwa Rateng' na analiitikia jina na heshima zake zote. Mbuyu wako pengine ndio anaitwa hivyo. Lakini huyo huyo Rateng' akizaa msichana anayemfanana, mashangazi wanakuja kucheki mtoi na mmoja hawezi kujizuia: "Ni mrembo, lakini amechukua rangi ya babake." Hiyo "lakini" ndiyo Yellow Fever ilitengenezewa.

Na hiyo krimu yenyewe je?

Tusiongee rangi tukaacha sumu. Weusi wa ngozi unatokana na melanini, na kazi yake ni kukukinga na jua. Ukiishi karibu na ikweta kama Kombewa, hiyo ni mwavuli wako wa bure. Krimu nyingi za kujichubua hutumia kitu kinaitwa hidrokwinoni, ambacho kinazuia ngozi kutengeneza melanini. Ukiitumia muda mrefu inaweza kukugeuka, ngozi ikaanza kutoa mabaka meusi yenye ubluu ambayo hayasikii tena krimu yoyote. Zingine zina zebaki, na hiyo inaingia mwilini na kuharibu figo. Zingine zina dawa kali za steroidi ambazo zinakonda ngozi hadi kidonda kidogo kinakataa kupona.

Mkorogo ni noma zaidi kwa sababu ni mchanganyiko. Mtu anachukua krimu tatu, anakoroga kwa kopo, anakuuzia bila lebo. Hujui umejipaka nini. Hata daktari akikuuliza huna jibu. Kenya ilishapiga marufuku vipodozi vyenye hidrokwinoni na zebaki kitambo, lakini wewe na mimi tunajua bado vinapatikana chini ya meza. Kama uko nazo kejani na umeanza kuona mabaka, enda hospitali na hiyo kopo mkononi. Hakuna haja ya kuona haya, daktari wa ngozi ashaona mengi.

Baada ya Yellow Fever

Ng'endo hakukwama kwa filamu moja. Mwaka wa 2015 alitoa This Migrant Business, animesheni fupi kuhusu watu wanaotoka Pembe ya Afrika kutafuta maisha, na wale wanaotengeneza ganji kwa migongo yao. Alafu akafanya Nairobi Berries, ambayo ni ya VR. Unavaa ile miwani na Nairobi inakuzunguka pande zote, lakini ni Nairobi ya ndoto, si ya mwongozo wa watalii.

Kisha 5 Julai 2023 ikafika. Disney+ wakaachilia Kizazi Moto: Generation Fire, filamu fupi 10 za animesheni kutoka nchi 6 za Afrika. Studio ya Triggerfish ya Afrika Kusini ndiyo ilisimamia, na Peter Ramsey, mmoja wa waongozaji wa Spider-Man: Into the Spider-Verse, alikuwa kati ya wakuu wa mradi. Kutoka Uganda kulikuwa na Raymond Malinga na Herderboy. Kutoka Kenya kulikuwa na Ng'endo na Enkai, jina ambalo Wamaasai humwitia Mungu. Ni stori ya mtoto wa kike mwenye nguvu za kuumba, na mamake ambaye anapigana kuilinda dunia isimalizwe na uroho wa watu.

Ona safari hiyo. Alianza na mtoi aliyetamani kuwa mtu mwingine. Miaka 11 baadaye akamchora mtoi mweusi ambaye ni mungu, na hakuna mtu kwa hiyo stori anamuuliza kuhusu rangi yake.

Si Afrika peke yake

Kama bado unadhani filamu ya dakika chache haiwezi kufika mbali, kuna Mholanzi mmoja, Michaël Dudok de Wit. Yeye pia alisomea animesheni Uingereza. Mwaka wa 2000 alitoa Father and Daughter, dakika 8 tu, na 2001 ikampa Oscar ya animesheni fupi. Hakuna mtu anabonga neno hata moja ndani. Baba anamuaga binti yake, anaingia mashua, anapiga kasia, harudi. Binti anaendelea kurudi hapo ufukweni na baiskeli, akiwa mtoi, akiwa msichana, akiwa mama, akiwa dani mwenye mgongo umepinda.

Uholanzi ni nchi ya maji na baiskeli, kwa hivyo alichora maji na baiskeli. Sasa niambie, mtu wa kando ya Nam Lolwe anahitaji aelezwe stori ya baba aliyeenda na mashua hakurudi? Hapa ziko nyumba zinaibeba. Tofauti ni kwamba Mholanzi aliichora.

Basi wewe unaanzia wapi?

Tusidanganyane, Ng'endo alisoma shule za bei, na hizo si karo ya kuchangisha kwa kikundi cha WhatsApp. Lakini kile kilifanya Yellow Fever isimame hakikununuliwa London. Saluni, mathe, mtoi mbele ya TV: hivyo vyote alivitoa nyumbani. Shule ilimpa mkono, stori alikuwa nayo.

Vifaa pia vimeshuka bei. Blender na Krita ni programu za bure kwa kompyuta. Kwa simu kuna FlipaClip ya kuchora, na Stop Motion Studio ya kupiga picha mojamoja. Simu yako, kitu cha kuishikilia isitikisike, na dirisha lenye mwanga sawa vinatosha kwa majaribio ya kwanza. Chaji mapema, stima ya Kombewa unaijua.

Usianze na dakika 7. Anza na sekunde 10. Hiyo ni michoro 120, kazi ya wikendi mbili ukijituma. Usianze na mchoro pia, anza na sauti. Rekodi dani wako akieleza alivyokuwa msichana, ni nani alikuwa anaitwa mrembo siku hizo, na kwa nini. Mwombe ruhusa kwanza, mweleze utaitumia aje, na akisema kitu fulani kisitoke, kisitoke. Rekodi mbali na kuku na boda, kwa sababu picha mbaya watu husamehe lakini sauti mbaya hawavumilii. Skiza hiyo rekodi mara 10, tafuta ile sentensi moja inayokukaba koo, chora hiyo peke yake.

Ukimaliza, Tamasha la Filamu la Zanzibar, maarufu kama ZIFF, limekuwepo tangu 1998 na huonyesha filamu fupi. Lakini kabla ya kufikiria Zanzibar, muonyeshe dani. Kaa hapo kando yake, usicheki simu, cheki uso wake.